Uliza Mhandisi: Tulikuwa na akiba, mbona bado tulianguka?

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka swali moja: kwa nini mifumo mingine ikipata pigo huyumba kisha ikasimama, na mingine huporomoka yote kwa hitilafu ndogo? Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi katika chumba cha kuongozea gridi ya umeme, na hili ndilo swali lililotukesha pale. Safu yote ya leo nimeliachia lenyewe.

Shikamoo Mama Mhandisi. Mimi nasimamia kompyuta za ofisi yetu. Tuliomba fedha za kununua seva ya pili ili ya kwanza ikifa, ya pili ichukue kazi. Tukapewa. Mwezi uliopita zote mbili zilizima kwa pamoja na kazi ikalala siku nzima. Wakubwa wananiuliza seva ya pili ilikuwa ya nini, nami sina la kuwajibu. Tulikuwa na akiba, mbona bado tulianguka? – Mtunza Seva

Marahaba, mwanangu. Kabla hujajilaumu, nijibu haya. Seva zote mbili zinachota umeme kwenye saketi moja? Zimo chumba kimoja, zinapozwa na kiyoyozi kimoja? Zinaendeshwa na programu ileile, na zote husasishwa usiku uleule? Mtu akiipata nywila ya moja, ameipata na ya nyingine? Barua yako haikugusa lolote kati ya haya, nami nadhani jibu la wakubwa wako limejificha humo. Kifaa cha pili mlinunua, ila kilining'inia kwenye msumari uleule wa kile cha kwanza.

Wenye akili na fedha kuliko sisi wamewahi kunaswa hapo. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United, safari namba 232, ilikuwa ikitoka Denver kwenda Chicago. Usukani wa ndege ile uliendeshwa kwa mafuta ya haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo kwenye mabomba, na waliounda ndege waliweka mifumo mitatu, kila mmoja na pampu zake na mafuta yake. Ungebaki mmoja tu, ndege ingerukika. Lakini mabomba ya mifumo yote mitatu yalipita mkiani, jirani na injini iliyokuwa huko nyuma. Sahani ya feni ya injini hiyo ilipopasuka angani, vipande vyake vilitoboa mifumo yote mitatu, mafuta yakavuja yakaisha, na marubani wakabaki na usukani usioitikia. Waliifikisha ndege Sioux City kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini mbili za mabawani, wakisaidiwa na rubani mkufunzi aliyekuwa amepanda kama abiria. Ilivunjika ikitua, na kati ya watu 296 waliokuwemo, walinusurika 184. Baadaye ndege za aina hiyo ziliwekewa vali inayojifunga mafuta yanapovuja kwa kasi, ili yasiishe yote.

Mfano wa pili nauona wa kusikitisha zaidi, kwa sababu unahusu fani yangu. Katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilikata njia zote za umeme kutoka nje. Jenereta za dizeli ziliwaka zenyewe, kama zilivyopangwa. Haikutimia saa moja, wimbi la tsunami likaingia. Jenereta nyingi zilikuwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, zikazama pamoja. Kulikuwa na nyingine zilizokaa juu kidogo, zinazopozwa kwa hewa, ambazo maji hayakuzifikia. Lakini bodi za kugawia umeme wake zilikuwa chini, na bodi hizo zikafurika. Fikiria jenereta nzima, kavu, yenye mafuta, isiyoweza kuupeleka umeme wake popote. Moja tu, ya mtambo namba 6, ilibaki na njia kamili, ikaubeba mtambo huo na jirani yake namba 5. Mitambo namba 1, 2 na 3 ilikosa umeme wa kuipoza, na viini vyake vikayeyuka.

Umeona hesabu ilivyo? Ukiuliza "tuna jenereta ngapi?" Fukushima ilikuwa tajiri. Ukiuliza "maji yakifika hapa, tutabaki na ngapi?" utajiri ule unayeyuka mara moja. Akiba hupimwa kwa pigo fulani, na kila pigo lina hesabu yake: moto una yake, maji yana yake, programu mbovu ina yake, na mfanyakazi aliyekosea amri saa nane usiku ana yake.

Kwa kazi yako wewe, kisa cha kampuni ya meli ya Maersk kinakufaa zaidi. Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kilipenya kwenye mtandao wake na kufuta kompyuta zake duniani kote. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 zinazotambua nani ni nani kwenye mtandao, kila moja ikiwa nakala ya wenzake. Kwa hitilafu ya kawaida ya seva moja, mpango huo ulikuwa mzuri sana. Kwa kirusi kinachosafiri ndani ya mtandao uleule, zilikuwa kama seva moja tu, zikafa zote. Iliyopona ilikuwa ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva ikawa imetoka kwenye mtandao kabla kirusi hakijafika. Diski yake ilisafirishwa hadi Uingereza, na kampuni ikajijenga upya kutokea hapo: baadaye mwenyekiti wake alieleza kwamba waliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Nakuomba usitegemee bahati ya namna hiyo. Weka nakala moja ya data yako nje ya mtandao kabisa, diski iliyochomolewa, na iliyochomolewa kwelikweli.

Sasa ufanye nini Jumatatu? Chukua karatasi mbili. Ya kwanza, andika kila kitu ambacho seva ya kwanza inakihitaji ili iwe hai, halafu kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji nini, endelea hadi ushindwe. Fanya hivyo kwa ya pili. Kinachojitokeza kwenye karatasi zote mbili ndicho kilichowaangusha, au ndicho kitakachowaangusha kesho. Kisha inuka ukafuate nyaya kwa miguu. Michoro huandikwa siku ya kwanza, na mafundi hupita baadaye. Chumba chetu kilikuwa na laini mbili za mawasiliano, za kampuni mbili tofauti, mikataba miwili, bili mbili. Fundi mmoja akitafuta kitu kingine kabisa alifunua mfuniko wa shimo nje ya jengo, akatuita tuone: nyaya zote mbili zilikuwa zimelala ndani ya bomba moja, zimegusana. Koleo moja la mchimbaji wa barabara lingetosha. Hakuna aliyedanganya, kila kampuni ilikodi bomba lililokuwa jirani.

Na wakubwa wako waambie ukweli: seva ya pili inawalinda dhidi ya kufa kwa seva ya kwanza, basi. Waonyeshe karatasi mbili, uombe fedha za kutenganisha yale yanayofanana, kuanzia lililo rahisi. Mara nyingi soketi ya saketi nyingine na kuchelewesha usasishaji wa seva moja kwa siku chache huwa ndilo jambo la bei ndogo kuliko yote, na huleta tofauti kubwa.

Shikamoo. Niko kidato cha sita. Mwalimu wetu anasema mfumo imara ni ule usiovunjika. Rafiki yangu anabisha, anasema mfumo usiovunjika haupo. Nani yuko sahihi? – Mbishi wa Darasani

Marahaba. Rafiki yako, ingawa nadhani mwalimu alikuwa anataka kusema jambo jingine.

Nikupeleke chumbani kwetu. Umeme wa gridi una masafa yake, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, 50 nchi nyingine na 60 nyingine. Masafa hayo yanasimama pale tu ambapo umeme unaozalishwa unalingana na unaotumika, sekunde kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, masafa yanashuka. Yakishuka mno, mitambo iliyobaki hujitoa yenyewe ili isiharibike, na kila unaojitoa huyashusha zaidi. Ili tusifike huko, kuna relei zilizowekwa kwenye vituo vya kupozea umeme, zinazosoma masafa na kukata maeneo kwa mafungu bila kumwuliza mtu. Kwenye ubao wetu ungeona taa za fungu zima zinazimika kwa mkupuo, kisha sindano ya masafa inatulia, inaanza kupanda. Aliyekatiwa nyumbani kwake anasema mfumo umevunjika, na ana haki ya kukasirika. Sisi pale tulikuwa tukishusha pumzi, kwa sababu sehemu iliyopangwa kuachia imeachia, na iliyobaki imesimama.

Texas, Marekani, walifika ukingoni kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021, katika baridi kali, mitambo ilikuwa ikizimika mmoja baada ya mwingine. Masafa, ambayo huko hutakiwa kuwa 60, yalikaa chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Yangekaa hapo dakika 9, mitambo mingine ingejitoa na jimbo karibu zima lingeingia gizani. Waongozaji wakaamuru kukata mzigo, yaani kuwazimia watumiaji umeme, na kwa kilele chake walikata megawati 20,000. Gridi ikasimama. Lakini mamilioni ya watu walikaa kwenye baridi siku kadhaa, na zaidi ya 200 walipoteza maisha katika dhoruba ile. Sikuletei kisa hiki kama ushindi. Baadhi ya maeneo yaliyokatwa yalikuwa na vifaa vya kuchimba na kusukuma gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha mitambo ya umeme. Umeme ulipokatwa gesi ikapungua, gesi ilipopungua umeme ukapungua tena. Kwa hiyo haitoshi kusema "tutaachia sehemu ili kuokoa nyingine." Lazima ujue sehemu unayoiachia inalisha nani.

Majengo nayo yana somo hilohilo. Mei 1968, mjini London, gesi ililipuka kwenye ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point lenye ghorofa 22. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Mpangaji aliyewasha jiko alipona. Lakini ulisukuma nje kuta zilizobeba ghorofa za juu, zile za juu zikaangukia za chini, na pembe nzima ya jengo ikashuka hadi chini. Watu wanne walikufa. Uingereza ilibadilisha kanuni zake za ujenzi baada ya hapo. Waandishi wa kanuni hawakudai kuta zisizovunjika. Walidai kwamba ukuta mmoja ukiondoka, uharibifu uishie karibu na hapo.

Mwulize mwalimu wako swali hili darasani: kikivunjika kimoja, ni nini kingine lazima kivunjike? Mfumo ambao jibu lake ni fupi ndio ninaouamini.

Dada Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni meneja wa kituo cha huduma kwa wateja. Nimeagizwa nipunguze kila kinachokaa bure: watu, vifaa, muda. Naona wanachokiita bure ndicho kinachotuokoa siku mbaya, lakini sina namba za kuwaonyesha. Nisaidie. – Meneja Aliyebanwa

Nzuri, ndugu yangu. Namba zipo, na ni za hesabu ya foleni ambayo ina zaidi ya miaka 100. Chukua dirisha moja, wateja wanaofika bila mpangilio, kila mmoja akihudumiwa kwa wastani wa dakika 10, wengine chini wengine juu. Dirisha likiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja husubiri kwa wastani dakika 10 kabla ya kuhudumiwa. Likiwa na kazi asilimia 80 ya muda, anasubiri dakika 40. Asilimia 90, dakika 90. Asilimia 95, dakika 190. Angalia hapo mwisho: umebana asilimia 5 tu, kusubiri kumezidi mara mbili. Na hiyo ni siku njema, hakuna aliyeumwa, hakuna mashine iliyogoma. Wachorewe mstari huo kwenye karatasi, macho yao yatauona ukipinda kwenda juu.

Hospitali moja ya Springfield, Missouri, iliyajua haya kwa vitendo. Ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, vyote vimepangiwa kazi muda wote. Mgonjwa wa dharura alipofika, ratiba nzima ilivurugika, madaktari wakafanya upasuaji hadi usiku. Wakaamua jambo lililoonekana la kichaa: chumba kimoja kiachwe wazi, kisipangiwe mtu, kiwasubiri wa dharura. Upasuaji uliofanyika ukaongezeka, saa za ziada zikapungua. Dharura huwezi kuijua ni ya nani, lakini unajua itakuja.

Hata hivyo sitaki utetee kila kilicholala. Ghala lililojaa vipuri vya mashine iliyokwisha uzwa ni uzembe, hata ukiuita akiba. Ninachokuomba ulinde ni kile kinachoweza kugeuzwa kwa shida yoyote: mtu anayejua kazi mbili, saa chache za wiki zisizoahidiwa mtu, mkataba na jirani anayeweza kukubebea mzigo.

Ushahidi wangu hapa ni Toyota, inayosifika kwa kutoweka akiba kubwa ghalani, na ambayo watu huitaja ili kuhalalisha kubana kila kitu. Tarehe 1 Februari 1997, alfajiri, moto uliteketeza kiwanda cha Aisin kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani zinazotumika kwenye magari ya Toyota. Akiba ya vali hizo ilikuwa ya muda mfupi mno, na viwanda vingi vya Toyota nchini Japani vikasimama. Hadi hapo, funzo linaonekana wazi: wangeweka ghala. Lakini yaliyofuata yananivutia zaidi. Aisin ilisambaza michoro ya vali kwa yeyote aliyeweza kusaidia. Kampuni zaidi ya 200, kubwa na ndogo, ziliingia kazini kwa namna moja au nyingine, nyingine zikiwa hazijawahi kugusa vali ya gari. Mojawapo ilikuwa Brother, inayojulikana kwa cherehani. Hawakukaa kwanza kujadili nani atalipwa kiasi gani. Ndani ya takribani wiki moja uzalishaji ulikuwa umerejea karibu na kawaida yake. Akiba yao haikuwa vali. Ilikuwa mafundi wengi wenye ujuzi uliotapakaa, na miaka ya kuaminiana. Wakubwa wako wakitaka kuwa kama Toyota, waulize kama wamewekeza na huko.

Mama, swali fupi: ni heri mfumo uunganishwe na mingine au ujitegemee? – Msomaji wa Siku Nyingi

Uunganishwe, kwa sharti kwamba unaweza kujikata haraka. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T huko Marekani ulikwama karibu saa 9. Swichi moja, yaani mtambo wa kuunganisha simu, mjini New York ilipata tatizo dogo, ikajizima na kujiwasha kwa sekunde chache, ikawajulisha jirani zake kwamba imerudi. Ujumbe huo ulipofika mara mbili kwa haraka, kosa dogo kwenye programu liliwaangusha jirani nao, wakajizima, wakajiwasha, wakawajulisha wengine. Swichi zote 114 zilikuwa na programu ileile mpya. Habari za kupona ndizo zilizosambaza ugonjwa.

Upande wa pili, Hispania na Ureno zilipopoteza umeme tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana kwa saa za Hispania, Hispania iliinuliwa kwa sehemu na nyaya zilezile zinazoiunganisha na Ufaransa na Moroko. Texas ya 2021 ilikuwa na nyaya chache mno za namna hiyo. Mimi ningechagua nyaya, na swichi nzuri kwenye kila mwisho wake.

Salaam Mhandisi. Naongoza kamati ya dharura ya taasisi yetu. Tuna mpango wa dharura wa kurasa nyingi, umehifadhiwa vizuri kwenye mtandao wetu wa ndani. Wajumbe wanaona tumekamilika. Mimi nina wasiwasi. Tumesahau nini? – Mwenyekiti

Salaam, Mwenyekiti. Wasiwasi wako una msingi, na umeutaja mwenyewe: mpango umo ndani ya kile ambacho kikianguka ndipo mtauhitaji. Uchapisheni leo. Namba za simu ziandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo iwe kwenye majumba ya watu kadhaa.

Oktoba 4, 2021, Facebook ilitoweka kwenye intaneti kwa takribani saa 6 baada ya amri moja ya matengenezo kukata mtandao wake mkuu. Zana za wahandisi za kurekebisha zilitegemea mtandao huohuo. Ikabidi watu waende kwenye vituo vya data kwa miguu yao, na huko milango na mitambo ilikuwa imelindwa kwa ulinzi mkali, hivyo kuingia kukachukua muda. Kwenye gridi ya umeme tunalijua tatizo hili tangu zamani, maana mtambo mkubwa wa mvuke unahitaji umeme mwingi kuendesha pampu na feni zake kabla haujazalisha hata kidogo. Gridi ikizima yote, mtambo huo ni chuma tu. Ndiyo maana kila gridi inateua mitambo michache inayoweza kuamka gizani bila msaada, mingi ikiwa ya maji, ambapo betri na jenereta ndogo vinatosha kufungua lango la maji. Ureno siku ile ya Aprili ilianzia Castelo do Bode, wa maji, na Tapada do Outeiro, wa gesi. Kamati yako nayo ijiulize: ni kitu gani chetu kinaweza kuamka bila msaada wa kingine chochote? Kama hakuna, hapo ndipo pa kuanzia.

Kuamka kwenyewe kuna adabu yake. Mtaa uliokaa giza saa nyingi haurudi na mzigo uleule ulioondoka nao. Kwa kawaida friji moja inawaka wakati nyingine imepumzika. Baada ya giza, zote zimepata joto, viyoyozi vyote vinataka kuanza, na kila mota inayoanza huvuta umeme mwingi kwa sekunde za mwanzo. Mzigo unaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya ule uliouzoea. Kwa hiyo tulikuwa tukirudisha vipande vidogo. Mwenzangu ameshika simu na kituo: "Funga ya tatu," yaani funga swichi ya laini ya tatu ili ipate umeme. Kimya. Sindano inaanguka, inatikisika, inapanda. "Imetulia?" "Bado." Tunasubiri. "Sasa imetulia." "Funga ya nne." Watu nje wanapiga simu kwa hasira kwa nini jirani amepata nao hawajapata, na kishawishi cha kuwasha vyote ni kikubwa. Atakayeharakisha huangusha alichokwisha inua, na kuanza upya huwa kugumu zaidi, kwa sababu betri za vituo zinaisha. Wahandisi wa Facebook walirudisha huduma zao kwa mtindo huohuo, kidogokidogo, wakihofia matumizi ya umeme kupanda kwa ghafla kwenye vituo vyao, na walieleza kwamba mazoezi waliyokuwa wakifanya ya kuiga maafa makubwa ndiyo yaliyowasaidia.

Mazoezi ndiyo pengo lenu la pili, ninavyosoma barua. Kampuni ya GitLab ilifuta data zake kwa bahati mbaya tarehe 31 Januari 2017. Ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data. Zilipohitajika, hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Iliyowaokoa ilikuwa nakala ambayo mhandisi mmoja aliitoa kwa mkono, kwa shughuli nyingine, saa 6 kabla. Kampuni yenyewe ilieleza hayo hadharani, na ninaiheshimu kwa hilo. Nakala ambayo hamjawahi kuirudisha msiihesabu kwenye mpango.

Kwa hiyo itisha zoezi. Lisiwe la kukaa mezani na chai. Chagua siku ya kazi ya kawaida, zima mtandao wa ndani kwa saa mbili, na mtu anayeujua mfumo kuliko wote mpe likizo siku hiyo, simu yake izimwe. Wape watu ruhusa ya maandishi kabla: nani anaweza kukata nini bila kumsubiri mkurugenzi. Mweke mjumbe mmoja asifanye lolote ila kuandika muda na mahali mlipokwama. Orodha yake ikishapatikana, nitumie nakala, tuipitie pamoja kwenye toleo lijalo kama kamati itaridhia.